Miaka Miwili ya Sindano, Kisha Mafuta ya Mwili Wangu

Nilikuwa na umri wa miaka tisa nilipoteleza kwenye ngazi za gati la Lamu wakati wa maji kupwa, mawe ya chini yakiwa yamevaa ukoga wa kijani, nikaangukia uso na mdomo wangu wa juu ukapasuka upande wa kushoto. Jeraha lilishonwa alasiri ile ile na likapona bila usaha, na mama alimshukuru Mungu kwamba meno yalisalimika. Kilichobaki ni mbonyeo mdogo, upana wake kama ukucha wa kidole cha mwisho, mahali ambapo nyama ya mdomo haikurudi tena, na juu yake mstari wa kovu unaoonekana zaidi ninapocheka. Kwa miaka mingi niliuficha kwa penseli na rangi ya mdomo, nikichora ukingo mpya juu kidogo ya ule halisi, na kila nilipokunywa chai ukingo wangu ulibaki kwenye kikombe.

Sasa naishi Malindi na kazi yangu ni kupamba maharusi, kuanzia hina ya mikono na miguu hadi uso. Mtu anayefanya kazi hii hutazama midomo ya wenzake kwa umbali wa shubiri moja siku nzima, na katika miaka ya karibuni nimeona jinsi mazungumzo yalivyobadilika. Zamani bibi harusi aliniuliza rangi gani itamfaa. Siku hizi wengi huniuliza kuhusu sindano za kunenepesha midomo, na aliyekwisha kuchoma sindano huniuliza kama kuna kitu kinachodumu zaidi. Mimi mwenyewe nimeliuliza swali hilo kwa miaka miwili, nimelitafutia jibu kwa gharama na kwa maumivu, na nimefika mahali ambapo naweza kueleza nilichochagua na sababu zake.

Nianze na sindano zenyewe, ambazo wengi tunaziita fila. Zile zinazotumika sana kwenye midomo zimetengenezwa kwa asidi ya hialuroniki, ambayo si kitu kigeni mwilini: imo katika ngozi yetu, katika viungo na katika majimaji mazito ya jicho, na sifa yake kubwa ni kushika maji. Watafiti Karl Meyer na John Palmer waliitambua mwaka 1934 wakichunguza macho ya ng'ombe. Ikidungwa ikiwa mbichi, mwili huimaliza kwa siku chache, kwa hiyo viwandani nyuzi zake hufungamanishwa ili ziwe kama ute mzito unaokawia kuyeyuka. Marekani iliidhinisha fila ya aina hii kwa ajili ya midomo mwaka 2011, ingawa kwa mikunjo ya uso ilikwisha kuidhinishwa tangu 2003. Kwenye midomo hudumu kwa kawaida kati ya miezi sita na mwaka mmoja, muda mfupi kuliko sehemu nyingine nyingi za uso, kwa sababu midomo haipumziki: tunakula, tunazungumza, tunabusu watoto, na damu hupita hapo kwa wingi.

Mara ya kwanza nilidungwa Mombasa na daktari, nusu mililita tu, ambayo ni kiasi kidogo sana kuliko watu wanavyodhani, kwani bomba zima la mililita moja halijazi hata robo ya kijiko cha chai. Nilivimba siku tatu. Siku ya kumi nilisimama mbele ya kioo bila rangi yoyote na, kwa mara ya kwanza tangu utotoni, ukingo wa mdomo wangu ulikwenda moja kwa moja kutoka pembe hii hadi ile. Sitaificha furaha ile, wala sitamruhusu mtu kuniambia kwamba ilikuwa furaha ya upuuzi.

Baada ya miezi saba mbonyeo ulirudi. Nilirudi Mombasa, kilomita mia na ishirini hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi, nikadungwa tena, na miezi minane baadaye nikafanya vivyo hivyo. Kila safari ilinigharimu siku mbili za kazi, nauli, na fedha ambazo kwangu ni malipo ya maharusi kadhaa, na ilibidi niipange mbali na harusi za watu na mbali na Ramadhani. Katika safari ya tatu, nikiwa kwenye matatu, niligundua kwamba nimeanza kuhesabu maisha yangu kwa miezi ya fila, na hapo ndipo neno kudumu lilipoanza kunivutia.

Neno hilo linauzwa sana hapa Malindi. Mji wetu una wageni wengi waliohamia, hasa Waitalia, una saluni za kila hadhi, na watu huja kutoka mbali na mikoba yao ya vifaa, hukaa msimu mmoja kisha huondoka. Binamu yangu mmoja alidungwa midomo na mgeni wa aina hiyo ndani ya nyumba ya kupanga, kwenye kiti cha plastiki, kwa dawa iliyotolewa katika chupa isiyokuwa na karatasi ya jina. Aliambiwa ni silikoni, na kwamba hatahitaji kurudia maisha yake yote. Kwa mwaka wa kwanza midomo yake ilikuwa mizuri kupita yangu, nakiri, nami nilimwonea wivu. Katika mwaka wa nne alianza kuhisi vitu vigumu ndani ya mdomo wa chini, kama punje za mtama, kisha kama kunde. Siku aliponishika kidole na kukiweka pale ili nihisi, nilivihesabu vitano, na kimoja kilikuwa kimeisukuma ngozi ya ndani hadi meno yanaikwaruza anapokula.

Nimejifunza baadaye kilichomo nyuma ya jambo hili. Silikoni ya majimaji ikidungwa haikai mahali pamoja, hutawanyika kwa matone madogo kati ya nyama, na mwili, usioweza kuyayeyusha wala kuyatoa, hulizungushia kila tone ukuta wa kovu. Uvimbe huo unaweza kuzuka baada ya miezi au baada ya miaka mingi, na ukizuka hakuna dawa ya kuyeyusha chanzo chake; daktari hujaribu sindano za kupunguza uvimbe, na pengine hulazimika kukata nyama pamoja nao. Mamlaka ya dawa ya Marekani imekubali silikoni ya majimaji itumike ndani ya jicho kwa ugonjwa fulani wa retina, utando ulio nyuma ya jicho, lakini haijaikubali hata mara moja kwa kunenepesha midomo au sehemu nyingine za mwili. Wala kosa hili si jipya. Mwaka 1899 daktari Robert Gersuny wa Vienna alianza kudunga nta laini itokanayo na mafuta ghafi, yaani parafini, ili kujaza sehemu za mwili zilizopungua, na mtindo ukaenea Ulaya kwa kasi kwa sababu matokeo yalionekana papo hapo na yalidumu. Yalidumu kweli. Parafini ilihama, ikaganda kwa mabonge, na Gladys Deacon, mwanamke aliyesifiwa kwa uzuri wake na ambaye baadaye aliolewa na Duke wa Marlborough, mwenye cheo cha juu cha kikabaila Uingereza, aliishi na uso ulioharibika baada ya parafini aliyodungwa puani kushuka kuelekea kidevuni.

Wapambaji wa hina tunalijua jambo hili kwa sura nyingine. Hina ya majani hutaka subira: unaikanda, unailaza, unaipaka, unasubiri saa nyingi, na rangi yake huondoka baada ya wiki mbili au tatu. Piko nyeusi hukolea haraka na huwa nyeusi kama wanja, kwa sababu ndani yake mna kemikali ya rangi ya nywele, na nimeshuhudia mkono wa bibi harusi ukitoa malengelenge kufuata kila ua lililochorwa, hata yalipopona maua yakabaki kwa rangi hafifu kwenye ngozi. Tangu siku ile sipaki piko mtu yeyote, hata akiniongeza malipo. Nilipoisikia hadithi ya ile chupa isiyo na jina, mkono ule ndio uliokuja akilini mwangu.

Kwa hiyo sikutaka tena kujua tu kitu gani kinadumu. Nilitaka kujua kinachodumu ni nini hasa, kimetoka wapi, na kikiharibika kitatolewa kwa njia gani. Ubora mmoja wa fila ya hialuroniki ambao sikuuthamini mwanzoni ni kwamba kuna kimeng'enya, hialuronidasi, ambacho daktari akikidunga fila huyeyuka kwa saa chache au siku chache. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Ndani ya midomo hupita mishipa ya damu iliyo karibu sana na mahali pa kudunga, na fila ikiingia ndani ya mshipa au ikiubana, nyama inayolishwa na mshipa huo hukosa damu na inaweza kufa. Dalili zake ni maumivu makali yasiyolingana na sindano, ngozi kupauka au kuwa na madoa kama wavu, na mahali palipobonyezwa kukawia kurudisha rangi. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi kupauka huko ni vigumu kukuona kwa nje, kwa hiyo geuza mdomo uangalie upande wa ndani, na ukiona dalili hizo usisubiri asubuhi. Anayedunga bila kuwa na kimeng'enya hicho karibu naye, hata akiwa na mkono mwepesi namna gani, hafai kushika uso wa mtu.

Nilitafuta daktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Kabla ya kufunga safari nililitazama jina lake katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, ambayo mtu yeyote anaweza kuipekua kwa simu yake, na nilihakikisha kwamba leseni yake ni ya mwaka ule na kwamba ubingwa ulioandikwa ndio aliojitangazia. Inachukua dakika mbili. Binamu yangu hakufanya hivyo kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba orodha ipo, na hiyo ni sababu mojawapo iliyonifanya niandike haya.

Daktari alinikalisha kwa karibu saa nzima. Aliushika mdomo wangu kati ya vidole viwili, akalibinya kovu, akaniambia nitabasamu, nipulize, nitamke majina yenye herufi ba na pa. Kisha akanieleza njia zilizopo kwa mtu anayetaka kitu cha muda mrefu, naye hakunisukuma kwenye yoyote.

Ya kwanza ni vipandikizi vya silikoni ngumu, ambavyo havina uhusiano na ile silikoni ya majimaji. Ni vipande laini vilivyochongwa kwa umbo la mdomo, huingizwa kupitia tundu dogo katika pembe za mdomo kwa ganzi ya mahali, na vikimchosha mtu vinaweza kutolewa vikiwa vizima. Hilo lilinivutia. Lakini vinaweza kusogea, kuambukizwa, au kuhisiwa na ulimi na hata na mwingine anayekubusu, na katika mdomo wenye kovu kama wangu daktari alihofia kwamba kipandikizi kitakwama pale nyama ilipokaza na kujitokeza upande mmoja. Tena vipandikizi hunenepesha mdomo wote kwa usawa, na mimi sikuwa na haja ya kunenepesha mdomo wote.

Ya pili ni kuinua mdomo kwa upasuaji. Hukatwa kipande chembamba cha ngozi chini ya pua, milimita chache tu, ngozi ikashonwa, na mdomo wa juu ukapanda na kujifunua zaidi. Matokeo yake ni ya kudumu kwa maana halisi, na kwa mtu ambaye nafasi kati ya pua na mdomo imerefuka kwa umri, nadhani hakuna njia nyingine inayoifikia. Kovu lake hujificha katika kivuli cha pua, likipona vizuri. Daktari aliniuliza kama kuna mtu katika ukoo wetu mwenye makovu yanayovimba, nikamwambia kwamba mama alitoga sikio mara ya pili akiwa mtu mzima na pakaota kinundu cha ukubwa wa ukwaju. Aliifunga karatasi aliyokuwa akinichorea. Makovu ya namna hiyo huwapata zaidi watu wa ngozi nyeusi na hufuata ukoo, na hakuna aliye tayari kuyajaribu katikati ya uso.

Kuhusu rangi ya kudumu, ambayo hapa Malindi huitwa tatuu ya midomo, nitasema kwa ufupi kwa kuwa wateja wangu huiulizia zaidi kuliko njia nyingine yoyote. Haiongezi unene hata kidogo, huchora ukingo na kubadilisha rangi tu, hufifia kwa mwaka mmoja au zaidi ikahitaji kurudiwa, na kwenye midomo yenye weusi wa asili rangi iliyoteuliwa vibaya hugeuka kijivu cha majivu. Mwenye kutokwa na vile vidonda vya homa mdomoni anapaswa kumwambia daktari kabla ya rangi hii na kabla ya sindano yoyote, kwa sababu kirusi chake hulala kwenye neva na huamshwa na kuchomwa.

Ya mwisho ilikuwa mafuta ya mwili wangu mwenyewe. Daktari wa Kijerumani Gustav Neuber alihamisha vipande vya mafuta kutoka mkononi hadi usoni mwa mgonjwa mwenye kovu mwaka 1893, kabla ya parafini, kabla ya fila zote, na nilipoambiwa kwamba mgonjwa wa zamani kiasi hicho alikuwa na kovu lililobonyea kama langu, nilihisi kama njia ile ilikuwa ikinisubiri. Mafuta hufyonzwa tumboni au pajani kwa mrija mwembamba, hutenganishwa na damu na majimaji, kisha hudungwa kidogo kidogo kwa nyuzi nyembamba. Yale yanayopata damu mpya huishi na kuwa sehemu ya mdomo, na yale yasiyopata hufa na kufyonzwa na mwili. Hapo ndipo penye ukweli ambao daktari aliurudia mara tatu: hakuna anayeweza kukuahidi ni kiasi gani kitakachobaki, midomo ni mahali ambapo mafuta hupotea zaidi kwa sababu haitulii, huenda ukahitaji kurudia, ukinenepa nayo hunenepa, na yakikaa vibaya hakuna kimeng'enya cha kuyayeyusha. Hatari ya kuziba mshipa wa damu ipo pia, ni nadra lakini ni kubwa, na ndiyo sababu hutumika mrija wenye ncha butu na mkono usio na haraka. Kwa upande wa pili wa mizani, mafuta hulainisha kovu lenyewe, jambo ambalo fila haikunifanyia.

Nilirudi nyumbani bila kuamua. Nilikuwa na neno moja lililonikaa moyoni tangu mwanzo, nami naliandika kwa sababu najua wasomaji wangu wengi wanalo. Hadithi iliyopokewa na Abdallah bin Mas'ud, inayopatikana kwa Bukhari na Muslim, inawalaani wachanjao na wachanjwao chale, na wanaotenga meno yao kwa ajili ya uzuri wakibadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Kwa fila nilijituliza kwamba ni ya muda, kama hina. Kwa kitu cha kudumu sikuweza kujituliza hivyo. Nilikwenda kumwona mwalimu aliyenisomesha Kurani, ambaye ni mzee sana sasa, nikamwamkia na kumweleza yote, hata kovu nikamwonyesha. Alinyamaza, kisha akanikumbusha habari ya sahaba Arfaja, aliyekatwa pua vitani, akatengeneza pua ya fedha, ikamletea harufu mbaya, na Mtume akamwamuru atengeneze ya dhahabu. "Mwanangu," akasema, "kurudisha kilichoharibika ni mlango mmoja, na kutoridhika na ulichopewa ni mlango mwingine. Wewe unajua unasimama mbele ya upi." Sikulichukua neno lake kuwa ruhusa ya kila kitu. Nililichukua kuwa mpaka: nitaujaza mbonyeo na kulegeza kovu, na sitagusa mdomo wa chini, ambao haukuanguka kwenye ngazi yoyote.

Shangazi yangu wa Lamu alikuwa mgumu zaidi. Alisema kovu lile ndilo alilonitambulia kwa mbali nilipokuwa mtoto nikikimbia na wenzangu mtaani Mkomani, na kwamba hakuwahi kuliona kuwa dosari. Nilimjibu kwamba yeye analiona mara moja kwa mwaka nami naliona kila asubuhi. Hatukukubaliana, na tulipoagana aliniombea dua hivyo hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa fupi kuliko nilivyotarajia. Wiki moja kabla nilikuwa nimeacha asprini na dawa nyingine za maumivu zinazofanya damu iwe nyepesi, kwa maelekezo ya daktari. Nilipigwa ganzi chini ya kitovu, nikahisi mrija ukienda na kurudi kama mtu anayechokoa mto wa sufi, bila maumivu. Walinionyesha bomba baada ya mafuta kutengana: juu kulikuwa na tabaka jembamba la mafuta yaliyoyeyuka, chini maji mekundu ya damu, na katikati mafuta yenyewe, manjano kama samli iliyoanza kuganda asubuhi ya kusi. Kile cha katikati pekee ndicho kilichotumika. Kabla ya kudunga, daktari aliingiza sindano chini ya kovu na kukata nyuzi zilizolifunga, nami nilisikia, kwa ndani ya kichwa na si kwa masikio, sauti ndogo kama ya uzi wa mkoba unaokatika. Kisha akaweka mafuta, zaidi kidogo ya yaliyohitajika, kwa kuwa sehemu yake ingekufa.

Wiki mbili zilizofuata sitaki mtu azichukulie kwa wepesi. Mdomo wa juu ulivimba hadi ukaigusa pua, ukawa na rangi ya zambarau, na nilikunywa uji wa mtama kwa kijiko kidogo na supu iliyopoa, bila pilipili wala ndimu wala chochote cha moto. Nilikuwa nimezuia kazi zote za wiki tatu, na nilifurahi kwamba sikuwasikiliza walionishauri nikapige sindano hizo kabla tu ya harusi ya mdogo wangu. Mwanamke anayedungwa kitu chochote siku tatu kabla ya harusi yake ananipa kazi ngumu sana ya rangi, nami humwambia hivyo mapema: fila ipe wiki mbili au tatu, na mafuta yape miezi.

Sasa umepita mwezi wa tisa. Kovu limelegea, na hilo limenifurahisha kuliko unene, kwa sababu ninapocheka mstari haujivuti tena. Mbonyeo umejaa kwa kadiri ya theluthi mbili nikipima kwa jicho la mpambaji, na ile theluthi iliyobaki iko upande wa nje, karibu na pembe, mahali ambapo mdomo hutembea zaidi. Mafuta yaliyokuwapo mwezi wa sita ndiyo yaliyopo leo, sijaona upungufu tangu hapo. Ndani, ukipitisha ulimi, kuna punje moja laini ambayo daktari ameipapasa na kusema ni ya kutazamwa tu kwa sasa.

Wateja wakiniuliza, simwambii mtu achague nilichochagua. Mwenye midomo isiyo na kovu, anayetaka tu iwe minene kidogo, namshauri abaki na fila ya hialuroniki kwa daktari aliyesajiliwa, hata kama inamlazimu kurudi kila mwaka, na aitazame safari ile kama bei ya kuweza kubadili nia. Mjamzito na anayenyonyesha nawaambia wangoje. Anayeniambia kwamba amepata mtu wa kumdunga kitu cha milele nyumbani kwa bei nafuu, namshika mkono na kumpeleka kwa binamu yangu, ambaye amekubali kuguswa mdomo na kila mmoja wao, na wawili kati ya watatu niliokwisha kumpelekea walifuta miadi yao jioni ile ile.

Kwa upande wangu, daktari amenipa njia mbili kwa theluthi iliyobaki: kurudia mafuta kwa kiasi kidogo, au kuijaza kwa robo mililita ya fila kila inapohitajika. Nimechagua kungoja hadi mwaka utimie, baada ya harusi za mfungo sita, ndipo anipime tena.